Moto wa Mbuzi na Moto wa Nguruwe

Siku ile mliponikatia keki, Nambozo alisimama na soda mkononi akasema kwa niaba yenu wote, "Afande, wewe naenda na akili yote ya hii moto kwa kichwa. Tuandikie, bambi, sisi tubaki tunasoma." Mkapiga makofi. Nikajibu kwamba nitaandika, na keki nikala, tena vipande viwili, maana hasira na keki hukaa tumboni pamoja bila kugombana. Nadhani mlitegemea niwaandikie namna ya kulainisha mbavu za mbuzi mzee. Hilo limo, nitalifikia. Lakini nilikaa kuandika nikiwa nimewakasirikia, na hadi sasa bado nimewakasirikia, kwa hiyo someni hivyo hivyo.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyogombania pale jikoni. Opio ana Kilango chake, Nambozo ana Kigisu, wateja wana Kisoga na Kiganda, na kila mmoja akitaka kumsema mwenzake vizuri anarudi kwenye Kiswahili. Mimi nilikua nacho. Baba yangu alikuwa askari magereza, mtu wa Teso, na sisi watoto wa kota za magereza Mbale tulicheza, tukapigana na tukasali kwa Kiswahili cha kambini. Nilipokuja Jinja niligundua kwamba ukimkaribisha mteja kwa Kiswahili, anajipapasa mfukoni kutafuta kitambulisho, maana huku Kiswahili ni lugha ya askari. Ndipo wafanyakazi wa zamani wakaanza kuniita Afande, nanyi mkalirithi jina. Sijawahi kushika hata rungu. Nimeshika koleo tu.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Mbale, pembeni mwa mtaa wa Namatala, kwa Mzee Swaleh. Alikuwa Mwislamu mfupi, mwenye kofia iliyoungua ukingoni, na alichoma mbuzi na kuku kando ya barabara kwenye pipa la mafuta lililopasuliwa katikati. Nilikwenda kuomba kazi ya kuosha sahani. Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniuliza kama nina ugonjwa wa kifua. Nikasema sina. Akasema, "Utaupata," akanionyesha rundo la kuni. Kutwa nzima nilibeba kuni, na jioni aliniambia nirudi kesho kwa sababu sikuuliza mara nyingi kwa nini.

Kuni zile zilishuka kutoka mlimani kwa baiskeli: visiki vya miti mizee ya kahawa ambayo wakulima wa Bugisu wameing'oa ili wapande mipya. Hapa someni polepole, maana siku hizi naona mnapokea chochote anacholeta mwenye lori. Mkahawa mkavu unawaka taratibu, makaa yake yanakaa, na moshi wake haumchokozi mtu. Mkaratusi unawaka kwa kelele na kuzima mapema, na nyama yake inanuka dawa ya mafua. Kuni mbichi msizikubali hata mkipewa bure. Mzee Swaleh alikuwa akigonga vipande viwili na kusikiliza. Vikilia kwa ukavu, anapokea. Vikijibu kwa sauti nzito, anamrudishia mwenye baiskeli bila maneno mengi. Nilidhani ni maringo ya wazee, hadi nilipochoma kuku kwa kuni mbichi na mwalimu mmoja wa shule ya jirani akauliza kama kuku huyo alifia kwenye ajali ya moto.

Wateja wa pale hawakuletewa karatasi ya kuchagua vyakula. Mtu alikuja hadi kwenye nyama iliyoning'inia, akanyoosha kidole: hapo, kwenye mbavu, usinipe shingo. Ukamkatia akiona, ukaiweka motoni, naye akaenda kukaa kwenye benchi na kupigana na harufu. Ilipoiva, ililetwa kwenye ubao ikiwa imekatwa vipande, na kachumbari, muhogo wa kuchoma au gonja, zile ndizi tamu, na chumvi na pilipili zimerundikwa pembeni. Chumvi, nimewaambia tangu mwanzo, inakuja mwishoni; ukiitanguliza, nyama inalia maji yake yote. Mbuzi mzee mfunge kwenye majani ya mpapai, lakini usimsahau humo, utamkuta amekuwa uji. Na nyama ya kugeuzwa mara moja igeuzwe mara moja. Opio, nakuona.

Ng'ambo ya kijia alikuwepo Wanyama, Mkristo kama mimi, akichoma nguruwe kwenye pipa lake. Mabenchi yalikuwa katikati. Walimu, askari magereza, wauza nguo, vibarua wa Namatala, Waislamu na Wakristo, wote walikaa mabenchi yale yale, na kila mmoja akaagiza kwenye moto wake. Huyu anamtania yule kwamba siku ya kiama atachomwa yeye, tena kwa mkaratusi. Yule anajibu kwamba bora kuchomwa umeshiba. Walikula, wakaagana, wakarudi kesho. Watu wa mbali wanadhani huku dini zinatushinda. Kula pamoja hakujawahi kutushinda. Ila kulikuwa na sharti moja ambalo kila mtu alilijua: vyombo vya moto huu havigusi moto ule. Koleo, kisu, ubao, wavu wa kuchomea, tambara, hata ufagio wa majivu.

Asubuhi moja ya mvua moto wetu uligoma kabisa. Kwa Wanyama makaa yalikuwa mekundu kama yanatucheka. Nikachukua koleo letu nikavuka kijia kwenda kuazima kaa moja. Mzee Swaleh akaniita kabla sijainama.

"Binti, rudi."

Nikamwambia moto ni moto.

"Kweli. Kaa halina neno. Lakini hilo koleo likigusa ule wavu wake, nani atajua?"

"Hakuna."

"Basi ndiyo sababu. Mtu akishakaa pale kwenye benchi hawezi kuja kukagua koleo. Amekuachia wewe ulikague."

Tukapuliza kuni zetu hadi macho yakavimba, na wateja wakangoja. Hakuna aliyeondoka. Wanyama mwenyewe alituletea kopo la chai, akaliweka kwenye benchi, si kwenye meza yetu ya nyama, akarudi kwake. Hakuna aliyemfundisha Wanyama kufanya vile. Nyinyi wenzangu mna vyeti vya mapishi vyenye mihuri, na sina neno na vyeti. Ila nawaambia, kazi hii yote, ukiondoa moshi, ni ile asubuhi moja.

Mzee Swaleh alipoanza kupoteza nguvu za macho alifunga kazi. Kwa bahati kulikuwa na mama mmoja wa Jinja, Mama Robina, aliyekuwa akija Mbale kununua mpunga na kula kwetu kila safari. Alikuwa anafungua hoteli ya kuchoma nyama, kwenye mteremko wa kuelekea mtoni, na alitaka mtu wa kusimamia majiko. Nilipofika nikakuta fundi amejenga jiko moja kubwa katikati ya uwanja, kama kaburi la chifu. Siku yangu ya kwanza Jinja niliitumia kumbembeleza Mama Robina alivunje. Alilalamika, akalivunja. Tukajenga mawili na ukuta wa matofali katikati, unaofika kifuani: moto wa mbuzi, kuku na samaki upande wa barabara, moto wa nguruwe upande wa mto. Vyombo vya nguruwe vikafungwa utepe mwekundu kwenye mipini. Aliyeanza siku upande mmoja aliimaliza upande huo huo. Mlangoni Mama Robina akatundika kibao cha "Halali", na mbuzi wetu wote walichinjwa na Mwislamu, kama ilivyo desturi ya mji mzima.

Jinja ilinipa wateja wa kila namna. Wa Kampala wanaokuja mwishoni mwa wiki huagiza wakiwa bado kwenye gari, halafu hukasirika wakikuta mbuzi naye anahitaji muda. Wazungu wanaokuja kuporomoka na mto kwenye maboti ya mpira hufika na njaa ya kweli, nawapenda kwa hilo. Mmoja aliniuliza mbuzi huyu aliishi maisha ya namna gani. Nikamjibu, mafupi. Alicheka sana, na mimi sikuwa natania.

Lakini wateja waliotulisha, wale wa mvua na jua, walikuwa watu wa mji wenyewe. Miongoni mwao ni Hajji na mkewe Hajat, wa Mafubira. Hajji alikuwa na duka la vitambaa mjini, kwenye yale majengo ya kale yaliyojengwa na Wahindi, yenye majina yao bado juu ya milango. Kila Ijumaa baada ya swala walikuja, wakakaa meza ya pembeni, na Hajji akaja motoni kunionyesha mbavu zake kwa kidole. Miaka yote ile hakuniuliza hata siku moja kama vyombo ni safi. Meza ya pili walikaa maafande wa magereza na nguruwe wao, na bwana mkubwa mmoja wa huko alikuwa na wimbo wake.

"Hajji, karibu huku kwetu, huku kuna mafuta."

"Ahsante, afande. Wewe karibu huku, huku kuna dua."

Hajat alikuwa akicheka kila mara kama vile hajawahi kuusikia. Mimi aliniita Dada Stella; jina hilo la Stella walilitumia yeye na marehemu mama yangu tu. Tukiwa na nafasi alikuja kusimama karibu na moto, akaniambia habari za mabinti zake, akarudi mezani ananuka moshi, Hajji akamuuliza kama naye ameiva.

Basi dada yangu wa Mbale akapatwa na kiharusi. Niliomba ruhusa nikaenda kumuuguza, na ruhusa ikageuka miezi, maana ugonjwa ule hauna haraka. Nilimzika. Nikiwa huko huko nikapigiwa simu kwamba Hajji naye ameugua, kisha kwamba amefariki. Sikuweza kwenda kwenye maziko. Na simu ya tatu ilikuwa ya Mama Robina: amechoka, amehamia kwa wanawe, na hoteli sasa iko chini ya Ronald, mtoto wa kaka yake.

Mnaijua siku niliyorudi, mlikuwepo, lakini nataka muisome kama nilivyoiona mimi. Nilishuka kwenye bodaboda, nikapita chini ya kibao cha "Halali", nikaona kimepakwa rangi mpya. Nikafurahi. Nikaingia uwanjani, ukuta hakuna. Majiko mawili yameunganishwa kuwa jiko moja refu, na Opio anatembea kutoka mwisho huu hadi mwisho ule na koleo moja mkononi. Anageuza mbavu za nguruwe, hatua mbili, anageuza mbavu za mbuzi. Utepe mwekundu niliuona kwenye mpini wa ufagio wa choo.

Ronald alikuja mbio kunisalimia, kijana mchangamfu, sina haja ya kusema uongo.

"Afande! Tazama. Moto moja, refu! Watu napiga picha mpaka nachoka."

"Na nguruwe?"

"Nguruwe nakaa huku, mbuzi nakaa huku. Katikati tunaweka tofali."

"Na koleo?"

"Koleo ni koleo, Afande. Moto inaua kila kitu, wewe najua."

Nikamwambia moto unaua wadudu, na hakuna mteja wetu hata mmoja aliyechagua upande wake kwa kuogopa wadudu. Akaniambia nisilete dini kwa kazi. Hapo damu ilinipanda hadi masikioni. Dini ilikuwepo kazini kabla yake. Dini ndiyo iliyokaa meza ya pembeni kila Ijumaa na kuagiza mbavu. Nikamwambia kama anataka kuuza nguruwe tu, auze, ni ruhusa, atoe kibao. Akasema kibao kinaleta watu. Alilisema hivyo hivyo, bila haya, mkiwa mnasikia: kibao kinaleta watu.

Tulikuwa bado tunabishana alasiri ile Hajat alipoingia na mabinti zake wawili. Alikuwa ametoka eda, miezi yote ya mjane kukaa ndani, na kwenda kula kwetu ndiko kulikuwa kutoka kwake kwa kwanza. Hayo niliambiwa baadaye na binti mkubwa. Mimi nilikuwa nimeupa mlango mgongo, sikumwona. Nambozo, wewe ukampokea. Ukamwambia karibu Hajat, pole na msiba, ukamkalisha meza yake, ukachukua agizo la mbavu, ukalipeleka motoni, na Opio akakata, akachoma, kwa koleo lile lile. Nilipogeuka, ubao ulikuwa mezani na Hajat ananawa mikono.

Sikumbuki nilivuka uwanja vipi.

"Dada Stella!" akasema. "Umerudi!" Akataka kuinuka anikumbatie.

"Hajat, usile. Moto umechanganywa."

"Umechanganywa na nini?"

Binti mkubwa alikuwa ameshaelewa. Alisukuma ubao kwa kiwiko hadi kachumbari ikamwagika.

"Na nguruwe, Hajat. Koleo ni moja."

Hajat alitazama mikono yake, ikiwa bado inadondosha maji. Nilitegemea atapiga kelele, na nilitaka apige. Aliuliza neno moja tu kwa sauti ya kawaida.

"Tangu lini?"

Nikasema sijui, nimerudi leo. Nikawageukia nyinyi, kwa kuwa nyinyi mlijua. Opio, ukainama kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Nambozo, ukapangusa meza iliyokuwa safi. Wengine mkaingia stoo wote kwa pamoja, kana kwamba humo kuna mkutano. Ronald akaja anakunja mikono ya shati.

"Hajat, pole sana, nyabo. Ni juzi juzi tu. Sasa sisi tunakupa kuku nzima, ya bure, tunachoma na koleo mpya kabisa."

Kuku! Mimi nimetukanwa na walevi, nimetupiwa sahani na mtu aliyesema mbuzi ni mbwa, na sijawahi kusikia neno lililonichoma kama kuku yule wa bure. Hajat hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi.

"Nilikuwa nachukulia hapa nyama ya Hajji," akasema. "Alipokuwa mgonjwa. Ile ilikuwa kabla, au baada?"

Binti zake wakamshika mkono huku na huku, wakatoka. Kibao kiko palepale juu ya vichwa vyao, rangi inang'aa.

Nilikuwa nimepanga kustaafu mwisho wa mwaka. Nilistaafu alasiri ile. Nilivua aproni nikaiweka juu ya ubao wa nyama ambayo haikuliwa. Keki mliyonikatia baadaye alilipia Mama Robina, ambaye nilimpigia simu akalia, kisha akamjia juu Ronald kwa mara ya kwanza tangu amwachie hoteli. Nasikia ukuta umejengwa upya, na vyombo vina utepe, na Ronald amebandika tangazo kwamba tunaheshimu wateja wote. Vizuri. Mteja wa leo atakula salama, na wale wa benchi la magereza watapata mtu wa kumtania. Sijakaa kuandika kwa ajili ya ukuta.

Kwenye keki niliwauliza wachache wenu, pembeni. Nambozo, uliniambia, "Afande, sisi tungefanya nini? Bosi ni bosi. Sisi tuko na watoto." Nina watoto pia. Sikutaka mpigane na Ronald, wala mwache kazi, wala mwite waandishi wa habari. Nilitaka mumpitie Hajat sikioni: leo mbuzi hayupo, chukua samaki kwa yule mama wa kona. Basi. Weita anayejua kusema chipsi zimekwisha wakati karai limejaa, kwa sababu tu hampendi mteja, asinidanganye kwamba siku ile alikosa neno. Mlikuwa na neno. Mliliona si kazi yenu. Kazi yenu mliiona ni kuchoma na kupeleka, na anayekula atajijua mwenyewe, wakati yeye ndiye mtu pekee pale asiyeweza kujua.

Kisha ukaongeza jambo moja, Nambozo, nami sijalisahau. Ulisema hata kabla ukuta haujavunjwa, siku ambazo wateja ni wachache, mlikuwa mnawasha moto mmoja. Nikakuuliza siku zipi hizo. Ronald akapita na soda, ukaanza kusifu keki.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mafubira. Hajat alinipokea vizuri, akaniwekea chai ya tangawizi, tukalia kidogo kwa ajili ya Hajji na kwa ajili ya dada yangu, kila mmoja akimpa mwenzake pole yake. Nilikwenda nikiwa na maneno ya kumfariji. Hakuyahitaji.

"Sheikhe ameshaniambia," alisema. "Aliyekula bila kujua hana dhambi. Hajji ameondoka safi, na mimi ni safi. Namwamini."

"Basi, Hajat, moyo utulie."

"Umetulia. Sijauliza dhambi, Dada Stella. Nimeuliza lini."

Akanieleza. Mwishoni Hajji alikuwa hashiki chakula chochote. Uji alitema, supu alitema, matoke aligeuza uso. Siku moja akasema anataka mbavu za kwetu. Hajat akapanda bodaboda mwenyewe, na bakuli lenye mfuniko, akarudi nazo zingali moto, akazichambua nyuzi nyuzi. Hajji akala. Wakadhani anapona. Basi ikawa hivyo hadi mwisho, bakuli na bodaboda, kwenda na kurudi.

"Alikuwa hawezi kuinua mkono," Hajat alisema. "Mimi ndiye nilikuwa namtia mdomoni. Kwa vidole hivi. Nataka tu kujua nilikuwa namlisha nini mume wangu."

Nilikaa pale nikiwa mjinga kabisa. Miaka yote ya moto, na swali la maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mteja siwezi kulijibu, kwa sababu nilikuwa Mbale nikimgeuza dada yangu kitandani. Nilimpigia Ronald simu kutoka barazani kwake. Akasema mambo ya zamani tuyaache, tusonge mbele. Nilimkatia simu kwa maneno ya kambini ambayo baba yangu angeona haya kuyasikia, na siombi radhi.

Kwa hiyo hiki ndicho nilichokuja kuandika, na kama mmesoma kutafuta mapishi mtanisamehe. Hajat yupo nyumbani. Nyumba ni ile yenye geti la bluu, nyuma ya msikiti, muulizeni yeyote. Hatawatukana, atawawekea chai. Nendeni pamoja kama mnaogopa kwenda mmoja mmoja, na mmwambie ni lini. Kama ni baada ya Hajji kufa, mwanamke yule atalala usingizi usiku huo huo. Kama ni kabla, atalia, na mtakaa hapo hapo mkimtazama akilia, kwa kuwa hiyo pia ni kazi. Msimtafutie jibu tamu. Wala msinitume mimi, sikuwepo. Nyinyi ndio mliomkatia ile nyama kila alipokuja, mkaipanga kwenye bakuli, mkafunika vizuri isipoe, mkamwambia, "Msalimie Hajji."